Matumizi ya ‘na/au’ katika Maandishi Rasmi

Miongoni mwa mafungu ya maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri ni ‘and/or’. Katika fomu, mikataba na nyaraka za ofisi, fungu hili huandikwa ‘na/au’, neno kwa neno, bila ya kujiuliza kama Kiswahili kinalihitaji.

Katika karne ya 19 fungu hili lilitumika katika mikataba ya biashara ya Uingereza, ikiwamo ya kukodi meli. Lilikusudiwa kutaja mambo matatu kwa mkato: hiki peke yake, kile peke yake, au vyote viwili. Lakini hata huko halikueleweka sawasawa. Mwaka 1855 majaji wa London walitakiwa kueleza maana ya mkataba wa shehena ya ‘sukari, molasi na/au mazao mengine’, nao hawakuafikiana. Mwaka 1944 Lord Simon, akitoa hukumu katika Baraza la Malodi, alilikemea waziwazi.

Katika Kiswahili dosari huzidi. Kwanza, ‘na’ huunganisha maneno, na pia humtaja mtenda baada ya kitenzi cha kutendwa. Katika sentensi ‘Fomu itatiwa sahihi na mzazi na/au mlezi’, ‘na’ ya kwanza ni ya mtenda. Ya pili haijulikani ni ipi. Pili, upatanisho wa kisarufi huvurugika: ‘Mwalimu na/au mwanafunzi’ atafika, au watafika?

Hasara yake humfika mwananchi. Tuseme fomu yaagiza: ‘Mwombaji alete cheti cha kuzaliwa na/au kiapo.’ Karani mmoja atapokea kimoja. Mwingine atamrudisha mwombaji akafuate cha pili, kwa nauli yake mwenyewe.

Yafaa basi mfasiri atambue kwanza kusudi la mwandishi, kisha aandike hivi:

(a) Vyote vikihitajika: ‘cheti cha kuzaliwa pamoja na kiapo’.

(b) Kimoja kikitosha: ‘cheti cha kuzaliwa au kiapo, kimojawapo chatosha’.

(c) Yote matatu yakiruhusiwa: ‘faini au kifungo, au vyote kwa pamoja’, kama ilivyozoeleka katika lugha ya sheria.

Asipoweza kubaini kusudi hilo, amwulize aliyetoa waraka kabla ya kutafsiri. Kwani shaka ikiachwa katika tafsiri itamfikia msomaji asiye na wa kumwuliza.