MJI CHINI YA BARAFU

Maji yakipata baridi kali huganda, yakawa magumu kama jiwe. Hiyo ndiyo barafu. Kaskazini kabisa mwa dunia kuna kisiwa kiitwacho Greenland, kilicho chini ya Denmark. Sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu.

Mwaka 1951 Denmark na Marekani zilitia sahihi mkataba. Jeshi la Marekani likaruhusiwa kuweka kambi Greenland. Mwaka 1953 wawindaji wenyeji walioishi karibu na kambi ya Thule walihamishwa. Mwaka 1999 mahakama ya Denmark iliamua walipwe fidia.

Mwaka 1959 wanajeshi walianza kuchimba mahandaki ndani ya barafu. Humo walijenga mabweni, jiko, hospitali na kanisa. Umeme ulitoka katika mtambo wa nyuklia. Mji huo uliitwa Camp Century. Watu waliambiwa kuwa ni mahali pa utafiti.

Je, utafiti ulifanyika? Ndiyo. Mwaka 1966 wataalamu walitoboa barafu mpaka wakafika kwenye udongo. Kina kilikuwa karibu meta 1,400. Theluji ya kila mwaka hufunika ile ya mwaka uliopita. Kwa hiyo barafu ya chini ni ya zamani sana. Willi Dansgaard, mtaalamu wa Denmark, aliipima akajua hali ya hewa ya kale. Kazi hiyo imeusaidia ulimwengu mzima.

Lakini kulikuwa na siri. Jeshi lilikusudia kuficha makombora 600 ya nyuklia ndani ya barafu. Serikali ya Denmark haikuambiwa. Siri hiyo ilifichuka miaka ya 1990.

Mpango huo haukufaulu. Barafu haitulii, husogea. Kuta za mahandaki zilibanwa. Mwaka 1967 kambi iliachwa. Mtambo wa nyuklia ulikuwa umekwisha ondolewa. Mafuta, maji machafu na taka nyingine vilibaki.

Mwaka 2016 wataalamu walionya kwamba joto la dunia likizidi, taka hizo zinaweza kutoka. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa maji ya barafu inayoyeyuka hayatazamiwi kuzifikia kabla ya mwaka 2100. Hata hivyo, bado zimo.

Utafiti ni kitu chema. Lakini mwenye nchi ana haki ya kumwuliza mgeni: Unapima nini? Kwa faida ya nani? Ukiondoka, utaacha nini?