Kura Iliyofika Kliniki ya Wajawazito

Sheria ya mwaka 1881 iliwafungia mlango wa kura Wabrazili wasiojua kusoma na kuandika, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi 1985. Hata hivyo waliporudi kituoni walikabidhiwa karatasi na kalamu. Kumchagua mbunge kulimtaka mpiga kura aandike mwenyewe jina la mgombea au namba yake. Akikosea, au akiiacha karatasi tupu, kura yake haikuhesabiwa. Haki walikuwa nayo, sauti haikufika.

Kisha ikaja mashine yenye vitufe vya namba kama simu. Unabonyeza namba ya mgombea, picha yake inatokea, unabonyeza kitufe cha kijani kuthibitisha. Mwaka 1996 ilianzia katika miji mikubwa, na kufikia uchaguzi mkuu wa 2002 ilikuwa imeenea nchi nzima. Katikati, mwaka 1998, ilipelekwa kwenye manispaa zenye wapiga kura zaidi ya 40,500 tu.

Namba hiyo ndiyo iliyompa Thomas Fujiwara, mchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, nafasi ya kupima jambo ambalo kwa kawaida halipimiki. Mji wenye wapiga kura 40,000 na wenye 41,000 hufanana kwa umaskini, kwa shule, kwa vyama. Mwaka ule ilitofautiana kwa kifaa peke yake. Utafiti wake, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba penye mashine, takriban kura 12 katika kila 100 zilizopigwa, ambazo vinginevyo zingepotea, zilihesabiwa, na nyingi zilitoka kwenye maeneo ya watu wenye elimu ndogo.

Hakuishia hapo, na hapa ndipo kazi yake inaponigusa zaidi. Aliifuata fedha. Majimbo ambayo wakazi wake wengi waliishi katika miji yenye mashine yalianza kubadilika baada ya 1998. Mengine yalibadilika baada ya 2002, yalipopata zamu yao. Mpangilio huo wa wakati ni vigumu kuuita bahati. Sehemu ya bajeti iliyokwenda kwenye afya ilipanda kwa pointi 3.4 za asilimia, yaani matumizi ya afya yaliongezeka kwa takriban theluthi moja. Kina mama wasio na elimu waliohudhuria kliniki ya wajawazito zaidi ya mara saba waliongezeka kwa pointi 7, na watoto wao waliozaliwa na uzito pungufu wakapungua kwa nusu pointi. Kwa kina mama wenye elimu, ambao wengi hawategemei hospitali za umma, hakukuwa na badiliko.

Maskini hawa hawakuhitaji kuelimishwa wanataka nini. Walikuwa wakiitaka kliniki siku zote, na karatasi ikawanyamazisha. Mashine yenyewe haikuletwa kwa ajili yao. Ililetwa kuharakisha hesabu na kuzuia wizi wa kura.

Karatasi zetu Afrika Mashariki ni rahisi kuliko ile ya Brazili, kwa kuwa mpiga kura huweka alama tu. Lakini kura huharibika hata kwetu, na nchini Kenya fomu 34A ya matokeo ya kila kituo hutaja idadi ya kura za urais zilizokataliwa. Kila uchaguzi tunabishania mshindi, na idadi hiyo inapitwa haraka. Natamani mtafiti aichukue kituo kwa kituo, aiweke kando ya takwimu za elimu za sensa, atuonyeshe ni kina nani wanaopotelea humo.