Kinanda cha mdomo kisiumize mdomo

Si ajabu kukuta kinanda cha mdomo kimelala chini ya sanduku la nguo, kimeviringishwa katika kitambaa, nacho hakijapigwa kwa miaka. Mzazi alikinunua kwa furaha, mtoto akakipuliza kwa wiki mbili tatu, kisha kikaachwa. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba mtoto ni mvivu au hana kipaji. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Kinanda chenyewe ndicho chenye kasoro, na kasoro hiyo iko mahali pamoja tu: pale kinapokutana na midomo ya mpigaji.

Jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee wakazi wa Bariadi, mji uliofanywa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012. Tangu Bariadi yenyewe hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, mwaka wa mkulima wa pamba umegawanyika pande mbili. Kuna miezi ya mvua, ambapo kila kitu cha mti huvimba, na kuna kiangazi kikali, ambapo mlango uliokuwa ukikwama hufunguka wenyewe na vumbi huingia hata ndani ya kabati. Baada ya mavuno ndipo pia vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana uwanjani kushindana. Kinanda cha mdomo si chombo cha uwanja ule wenye ngoma kubwa. Ni chombo cha nyumbani, cha jioni, cha mtoto anayetaka kujifunza sauti kabla hajapata gitaa. Lakini hali ya hewa ileile inayougeuza mlango wa nyumba hukigeuza na kinanda.

Kilivyoundwa

Ili tuelewe kasoro, yafaa kwanza tukifungue kinanda chenyewe. Kile cha kawaida kina urefu wa sentimita kumi hivi na matundu kumi. Ndani yake mna vitu vitano: ubao mmoja wa kati uliochongwa meno kama kitana, mabamba mawili ya shaba ya rangi ya manjano, na vifuniko viwili vya bati, cha juu na cha chini. Kila bamba limefungwa ndimi kumi nyembamba za shaba, kila ulimi juu ya ufa wake. Ukipuliza, ndimi za bamba la juu hutikisika na kutoa sauti. Ukivuta pumzi, hutikisika zile za bamba la chini. Hivyo matundu kumi hutoa sauti ishirini.

Msomaji atambue jambo moja. Katika filimbi na tarumbeta pumzi hutoka tu, lakini katika kinanda cha mdomo pumzi hutoka na kuingia. Midomo haiondoki mahali pake, nayo huteleza kushoto na kulia kutafuta tundu. Kwa hiyo ukingo wa kinanda husugua midomo mamia ya mara katika wimbo mmoja. Ukingo ukiwa na ncha, hata ndogo kama kichwa cha sindano, ngozi itachubuka.

Sasa tazama kosa la asili. Katika vinanda vya namna ya kale, meno ya ubao na kingo za mabamba ya shaba hutokeza mbele, moja kwa moja kwenye midomo. Ubao hunywa mate na mvuke wa pumzi, ukavimba, na meno yakachomoza mbele ya shaba. Kiangazi kikija, ubao hukauka na kunywea, meno yakarudi nyuma au yakapasuka, na shaba ikabaki imetokeza kama makali ya kisu butu. Baada ya misimu miwili ubao haulingani tena na bamba. Hapo pumzi huvuja pembeni, na mtoto hulazimika kupuliza kwa nguvu maradufu ili apate nusu ya sauti. Huyo ndiye tunayemwita mvivu.

Hekima ya pwani

Mahali pa mdomo si jambo geni kwa mafundi wa Afrika Mashariki. Siwa za Lamu na Pate, ile ya shaba na ile ya pembe ya ndovu, hazipulizwi nchani bali ubavuni, kwenye tundu lililotengenezwa kupokea midomo. Fundi aliyechonga tundu lile alijua kwamba sauti ya pembe nzima inategemea inchi moja ya ukingo wake.

Zumari ya pwani inatufundisha zaidi. Ulimi wake wa majani ya mnazi au mvumo huingia wote kinywani, na chini yake pana kisahani ambacho midomo ya mpigaji hukiegemea. Kisahani kile hakitoi sauti yoyote. Kazi yake ni kuipumzisha midomo na kuzuia pumzi isivuje, ili mpigaji aweze kujaza mashavu na kuendelea kupiga bila kukatiza. Wazee wetu waligundua kwamba chombo cha kupuliza huwa na sehemu mbili, ile inayolia na ile inayomtunza anayekiliza. Kinanda cha mdomo kilitoka kiwandani kikiwa na sehemu ya kwanza nzuri sana, lakini ile ya pili ilisahauliwa.

Karne moja ya msumari

Asili ya ndimi zinazotikisika kwa pumzi ni ya zamani. Wachina wana chombo kiitwacho sheng, chenye mianzi na ndimi za namna hiyo, ambacho kimepigwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Lakini kinanda tunachokijua leo kilienezwa na Matthias Hohner, fundi wa saa wa mji wa Trossingen nchini Ujerumani. Alianza mwaka 1857, na mwaka ule alitengeneza vinanda 650 tu. Mwaka 1896 kampuni yake ilitoa kinanda kiitwacho Marine Band, ambacho hadi leo bado kinauzwa. Ubao wake ulikuwa wa mti wa mapea, tunda la nchi za baridi, na mabamba yaligongomewa kwa misumari midogo.

Msumari ule ulikuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wake. Kitu kilichogongomewa hakikukusudiwa kufunguliwa. Ubao ulipovimba, mwenye kinanda hakuwa na la kufanya ila kukitupa na kununua kingine. Kwa kiwanda hiyo ni biashara, lakini kwa mfanyakazi mwenye watoto watatu ni hasara.

Katika miaka ya 1970 Hohner walitoa kinanda kiitwacho Special 20. Ubao wake uligeuzwa kuwa wa plastiki, isiyokunywa mate, na mabamba ya shaba yakazamishwa ndani ili midomo isiguse kingo zake. Mbele ikabaki plastiki laini iliyoviringwa. Lakini wapigaji wengi waliupenda ubao na hawakutaka kuuacha. Ndipo mafundi wa mikono nchini Marekani, akiwamo Joe Filisko, wakaanza kuvifungua vinanda vya zamani mmoja mmoja juu ya meza zao. Waling'oa misumari wakaweka skrubu, wakauziba ubao usinywe maji, wakasawazisha kila kilichotokeza. Mwaka 2005 kiwanda chenyewe kikafuata njia hiyo kwa kutoa Marine Band Deluxe, yenye ubao uliozibwa na skrubu badala ya misumari. Mwaka 2009 kikatoa kingine, Crossover, chenye ubao wa mianzi.

Tuzingatie mpangilio wa mambo hayo. Walioutengeneza upya ubao wa mti hawakuwa wenye mitambo mikubwa, bali watengenezaji wadogo waliokuwa na tupa, msasa na subira. Kiwanda kilifuata nyuma.

Je, mpingo ungefaa?

Mtanzania akisikia habari ya mti na muziki hukumbuka mpingo. Ni haki yake. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ndio unaotengenezewa klarineti na oboe za dunia, na mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji mzuri wa mti huo. Hata hivyo, klarineti yenye mwili wa mpingo kwa kawaida huwa na mdomo wa eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu. Zamani midomo hiyo ilikuwa ya mti, lakini ilipinda kwa unyevu. Ikiwa mpingo wenyewe, mti mzito na wenye mafuta yake, haukuaminiwa mahali pa mate, basi tusidhani kwamba kubadili mti peke yake kutatuponya. Dawa ni mambo matatu kwa pamoja: ubao uzibwe, kingo ziviringwe, na kinanda kiweze kufunguliwa.

Kazi ya fundi wa Bariadi

Mambo hayo matatu hayahitaji kiwanda. Seremala mwangalifu, au fundi wa saa na redio, anaweza kuyafanya.

Kwanza, afungue vifuniko kwa kisu chembamba, kisha mabamba, akiinua kidogo kidogo kila upande. Ayawekee alama ili ajue lipi la juu na lipi la chini. Ndimi zisiguswe kwa kidole wala kwa kitambaa, kwani ulimi uliopinda hupoteza sauti yake.

Pili, ubao uachwe kivulini siku kadhaa mpaka ukauke kabisa. Kuusawazisha ungali na unyevu ni kazi bure, kwa kuwa utanywea tena. Ukikauka, meno yaliyochomoza yapunguzwe kwa msasa laini. Kisha msasa uwekwe juu ya kipande cha kioo, na ubao usuguliwe juu yake pande zote mbili mpaka uwe tambarare. Pumzi huvuja mahali ambapo ubao na bamba havikukutana sawasawa.

Tatu, ubao uzibwe kwa nta ya nyuki. Hapa watu wa Simiyu wana bahati. Wasukuma wana desturi ya kuhifadhi malisho na miti katika ngitili, na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulizifufua ngitili nyingi. Palipo na miti pana maua, na palipo na maua pana nyuki. Nta safi iyeyushwe katika chombo kidogo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe isiwekwe juu ya moto wenyewe, maana huwaka. Ubao uzamishwe humo mpaka mapovu yakome, utolewe, ufutwe ungali na moto, kisha usawazishwe tena kidogo.

Nne, kingo za mabamba ya shaba zinazoelekea midomo ziviringwe kwa tupa ndogo na kumaliziwa kwa msasa laini kabisa. Mtihani ni rahisi: pitisha kitambaa cha pamba juu ya ukingo. Kikinasa uzi, rudia kazi. Unga wa shaba ufutwe wote, kwa sababu haufai kuingia kinywani wala kifuani.

Mwisho, kinanda kifungwe kwa skrubu ndogo badala ya misumari. Kazi hiyo ikifanyika, kinanda kitafunguliwa tena mwaka kesho bila taabu.

Vinanda vikubwa zaidi vyenye kitufe ubavuni, ambavyo aghalabu vina matundu kumi na mawili, vina faida moja ya ziada. Mdomo wao ni kipande cha chuma cha peke yake, kilichoshikwa kwa skrubu, na kinaweza kutolewa na kuoshwa. Anayenunua achague chenye matundu ya duara ikiwa midomo yake huchubuka upesi. Matundu ya mraba hupitisha pumzi nyingi, lakini pembe zake huhisiwa.

Wajibu wa nyumbani

Fundi akimaliza, kazi hubaki kwa familia. Mtoto asukutue kinywa kabla ya kupiga, hasa akiwa ametoka kula karanga au kunywa soda, kwani chembe moja hukwamisha ulimi na sukari hugandisha. Akimaliza, akipigepige kinanda kiganjani matundu yakitazama chini, mate yatoke, kisha akiache kikauke kabla ya kukifunika. Chenye ubao wa mti kisizamishwe majini. Mama anaweza kushona kifuko cha kitambaa cha pamba ili vumbi la kiangazi lisiingie, na pamba Simiyu haijakosekana.

Na ingawa ndugu hugawana mengi, kinanda cha mdomo kiwe na mwenyewe mmoja. Mafua na vidonda vya midomo hupita kwa mate kutoka kwa mtoto hadi mtoto. Kikilazimika kupigwa na wawili, sehemu ya mdomo ifutwe vizuri na kiachwe kikauke kabla ya kupokezana.

Kabla ya kununua kipya, mzazi akitoe kile cha zamani sandukuni. Apitishe kidole kwenye ukingo wake, aangalie kama umefungwa kwa misumari au skrubu, apulize tundu moja moja asikilize pumzi inakovujia. Akiona ndimi zote zingali zinalia, asikitupe. Ampelekee fundi, amweleze habari ya nta, tupa na skrubu, na siku kinaporudi ampe yule mtoto aliyeambiwa kwamba hana kipaji.