Neno "Kufunga" katika Uwekaji wa King'ora cha Betri

Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi, desturi ya kuonyana hatari haikuanza na mitambo. Wasukuma wana mwano, yaani yowe la kuita watu, na kila aliyelisikia alitakiwa kuitikia. Sungusungu walipotokea mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliutegemea mwano huo pamoja na filimbi. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na king'ora cha betri kilichosimamishwa juu ya nguzo, hasa katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, ambako tembo huingia mashambani.

Mwano haumdhuru aupigaye. King'ora chaweza kumdhuru akiwekaye, na sehemu ya hatari hiyo imo katika neno moja tu: kufunga.

Mswahili hufunga mtambo, maana yake huuweka mahali pake. Hufunga redio, maana yake huinyamazisha. Hufunga bomba, maji yakakoma, hulifungua, yakatoka. Usemi wa kila siku umeuchukua umeme kama maji ya bomba. Lakini fundi aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza amefundishwa kinyume: njia ya umeme ikiwa wazi, umeme haupiti, ikifungwa, yaani ikiunganishwa, hupita. Basi fundi aliye juu ya ngazi akipaza sauti, "Funga swichi!", msaidizi aliye chini ana maana mbili zinazopingana, na moja hukiliza king'ora sikioni mwa fundi. Mshtuko peke yake watosha kumwangusha.

Kuzima kwafaa zaidi, kwani hakuna azimaye moto ili uwake. Hata hivyo hakutoshi. King'ora chenye kipokezi cha redio chaweza kuamriwa kutoka mbali, na penye paneli ya jua pana chanzo cha pili cha umeme. Kitendo kinachotakiwa ni kutenganisha: kwanza nyaya za paneli, kisha fyuzi iliyo karibu na betri, halafu waya wa hasi, mwisho waya wa chanya. Wakati wa kuunganisha, mpango huo hugeuzwa. Hasi hutangulia kutolewa kwa sababu mara nyingi imeshikamana na kasha la chuma. Ikiwa bado ipo, spana iliyo kwenye chanya ikigusa kasha hutoa cheche. Betri ya volti 12 haimrushi mtu, lakini hapo hutoa mamia ya ampea, na pete ya kidoleni yaweza kuiva kama chuma cha mhunzi. Kadhalika betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa huweza kulipuka. Kwa hiyo kasha lake huachiwa matundu upande wa juu.

Kibao cha kisanduku cha kuongozea kisiandikwe FUNGA wala FUNGUA. Kiandikwe UMEME UNAPITA na UMEME UMEKATWA, maneno yanayotaja hali yenyewe. Nayo fyuzi iliyotolewa ipande ngazi mfukoni mwa fundi.