Jini Hatiwi Pingu

Mpwa wangu wa gredi ya 6 alikuja kwetu Kitengela wikendi na daftari kwapani. Ametunga hadithi. Katika gesti moja kando ya barabara ya Namanga, ukishapita Isinya kuelekea Kajiado mjini, mgeni anakutwa amekufa chumba namba 7, mlango umefungwa kwa ndani. Usiku wapangaji walisikia kicheko, na madirisha yakatetemeka. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa kalamu nyekundu: muuaji ni jini wa kike mwenye kwato.

"Imekaaje, anko?"

Nikamwambia imekaa vizuri mpaka pale kwenye wino mwekundu. Jini hatiwi pingu. Akanuna. Nilizidi kumuudhi niliposahihisha neno "hoteli", maana huku hoteli ni pa chai na mandazi. Pa kulala ni gesti au lojing.

Tukaanza upya na kile kicheko. Mbuga ya Taifa ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na wanyama hutoka wakaingia tambarare za Kitengela. Juni 2012 simba sita waliuawa na wakazi waliochoka kuliwa mifugo. Machi 2016 simba mmoja maarufu, Mohawk, alifika hadi Isinya, akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Mtoto wa huku akisikia kicheko usiku, na aanze na fisi. Madirisha nayo yana maelezo: reli ya kutoka Konza hadi Magadi inapita Kajiado, na treni yenye shehena ya magadi ikipita karibu, hata vikombe kabatini hugongana. Hapo mpwa wangu akainua kichwa. Kama treni ilipita saa nane, na mpangaji wa chumba namba 8 aliamshwa nayo akasikia watu wakigombana, basi saa nane mgeni alikuwa bado hai.

Jini mwenye kwato, kwa kweli, ni mgeni huku. Tumemleta sisi wahamiaji, kutoka Pwani na kutoka mabweni ya shule. Kwa desturi ya zamani Wamaasai hawakuzika watu wa kawaida. Maiti iliachwa porini, fisi wakamaliza kazi. Pasipo kaburi, mzuka utakaa wapi?

Basi nikamtolea kitabu. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla kilishinda mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili ya 1957–58, kikachapishwa 1960. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, pale watu wanapopaogopa, na wengi wako tayari kuyaacha mambo hapo. Mpelelezi, Bwana Msa, hayuko tayari. Anavuta kiko chake, anauliza, anatazama, huku rafiki yake Najum akihangaika kumfuata. Jina la mpelelezi ni herufi za mwanzo za jina la mwandishi, jambo lililomchekesha mpwa wangu kuliko nilivyotarajia. Mimi hunivutia zaidi kwamba Abdulla, kabla ya kuingia kwenye magazeti 1948, alikuwa miaka kumi mkaguzi wa afya Zanzibar. Mtu aliyelipwa mshahara kuchungulia uchafu ambao mwenye nyumba hataki uonekane hawezi kutishwa na mzimu.

Mbinu hii ya kumtafuta mtu nyuma ya mzimu si ya Zanzibar peke yake. Arthur Conan Doyle alimtumia mbwa wa kutisha mwaka 1902, na Sherlock Holmes akagundua ni mbwa wa kawaida aliyepakwa kemikali ing'aayo. Katuni za *Scooby-Doo*, zilizoanza 1969, zimeishi kwa ujanja huohuo: vua barakoa, utamkuta jirani. Kwangu mimi hiyo ndiyo hadithi ya mauaji inayomfaa mtoto. Si lazima damu ipunguzwe sana. Kinachotakiwa ni kumfundisha kwamba woga wa wengi huwa na mtu anayeufaidi.

"Sasa nani anafaidika na jini wa chumba namba 7?" nikamuuliza.

Alitafuna kifuniko cha kalamu. Mtoto wa Kajiado hahitaji kufikiri mbali. Sheria ya 1968 ilileta mashamba ya vikundi, baadaye yakagawanywa, yakauzwa, yakakatwa ploti. Leo ukiingia Kitengela mabango ya "ploti zinauzwa" yanakupokea kabla ya watu. "Kuna mtu anataka kuinunua gesti rahisi," akasema. "Wageni wakihepa, mwenyewe atauza." Na marehemu? Alikuwa mpima ardhi aliyeona hatimiliki mbili za ploti moja.

Sikumpa hilo. Nilikwenda jikoni kuweka chai ili asinione ninavyotabasamu.

Jumapili jioni alipanda matatu kurudi kwao. Jini amefutwa kwa mistari miwili, fisi amebaki, treni imebaki. Mlango uliofungwa kwa ndani bado unamsumbua, na nimekataa kumsaidia. Aliondoka pia na nakala yangu ya Bwana Msa, na kwa ninavyomjua haitarudi. Msomaji mwenye nakala ya ziada iliyolala kabatini, naiomba.