Mnyoo Anayeuzidi Mradi Umri

Kwenye maporomoko ya mto Kiwira au Mbaka, mchana wa jua, mtu aliyekaa miguu wazi hung'atwa na mdudu ambaye hakumsikia akija. Hapigi kelele kama mbu. Ni mdogo, mweusi, mgongo wake umebinuka, na badala ya kutoboa ngozi huikwangua kisha akailamba damu inayochuruzika. Huyo ndiye usubi, na ugonjwa anaoueneza tunauita kwa jina hilohilo. Wengi waliusoma shuleni kama upofu wa mtoni.

Wilaya ya Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, pamoja na Busokelo, Kyela na Ileje, ni sehemu ya eneo ambalo vitabu vya utabibu vinalitambua kama eneo la usubi la Tukuyu. Chanzo chake ni umbile la ardhi. Mlima Rungwe una kimo cha karibu mita 2,960. Ziwa Nyasa, si mbali kutoka hapo, halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka haina pa kutulia katika mteremko wa namna hiyo, inashuka mbio. Na lava wa usubi hawawezi kuishi katika dimbwi. Wanataka maji yanayokimbia, yenye hewa nyingi, wapate kujishika kwenye mawe na majani yanayoburuzwa na mkondo. Mvua inayostawisha chai, migomba na parachichi ndiyo hiyohiyo inayowalea.

Nalitaja hili mapema kwa sababu tumezoea kuyaweka magonjwa ya vijijini katika fungu moja la uchafu. Usubi hautokani na choo kibovu wala takataka. Mto ulio safi kabisa, ule ambao mgeni angeupiga picha, ndio unaomfaa mdudu huyu zaidi.

Tatizo lenyewe ni mnyoo mwembamba ambao mdudu huubeba. Mnyoo jike aliyekomaa hujificha chini ya ngozi ndani ya vinundu, mara nyingi kiunoni au mbavuni, na huko huzaa watoto mamia kwa mamia kila siku. Watoto hao wadogo wasioonekana kwa macho hutambaa ndani ya ngozi, na wengine hufika machoni. Wakifa, mwili huwaka kupambana na mabaki yao. Hapo ndipo mtu anapojikuna hadi usiku wa manane, ngozi ya miguu inapobadilika rangi na kuwa na mabaka, na miaka mingi baadaye kioo cha jicho kinapoingia ukungu usiofutika. Lakini watoto hao hawawezi kukua kuwa minyoo kamili ndani ya mtu yuleyule. Lazima wanyonywe na usubi, wakae naye siku kadhaa wakibadilika, kisha waingizwe kwa mtu mwingine. Bila mdudu mnyororo unakatika. Bila mtu mwenye vimelea ngozini unakatika pia.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni umri wa mnyoo jike: huishi na kuzaa miaka 10 hadi 15. Karibu kila ugumu ninaoueleza hapa umetoka kwenye namba hiyo.

Njia ya kwanza iliyojaribiwa Afrika Mashariki ilikuwa kumshambulia mdudu. Kenya ilifanikiwa mapema. Katika mito ya Nyanza, kuanzia miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950, dawa ya DDT iliwamaliza usubi wa huko, ambao lava wao wana tabia ya ajabu ya kujibandika kwenye migongo ya kaa wa mtoni. Tukuyu nayo ilipata zamu yake. Mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, uliojulikana kama APOC na kufanya kazi kati ya 1995 na 2015, uliichagua kuwa miongoni mwa sehemu chache za kujaribu kummaliza mdudu kabisa kwa kutia dawa mitoni. Sehemu nyingine zilikuwa Itwara na Mpamba-Nkusi nchini Uganda, na kisiwa cha Bioko huko Guinea ya Ikweta. Bioko usubi walitoweka. Tukuyu hawakutoweka. Mwenye kuijua Rungwe hashangai: kisiwa kina mwisho, lakini huku kila bonde lina kijito, na kila kijito kina kijito kingine kinachokilisha.

Ikabaki njia ya pili, ya kumsafisha binadamu. Dawa yake, ivermectin, ilitokana na bakteria ambao mtafiti Satoshi Ōmura aliwatoa kwenye udongo wa Japani. Yeye na mwenzake William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Dawa hii huua watoto wa mnyoo walio ngozini na kumzuia mama asizae kwa miezi kadhaa, ila mama mwenyewe haimuui. Baadaye huanza tena. Ndiyo maana inabidi kumeza kila mwaka, hata kama mtu hana dalili yoyote, mpaka minyoo wa zamani wafe kwa uzee.

Kwa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mgawa dawa, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, amekuwa akipita nyumba kwa nyumba na fimbo yenye alama. Fimbo inafanya kazi ya mizani, maana kimo kinakadiria uzito vizuri vya kutosha. Aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Kuanzia hapo vidonge vinaongezeka kwa kimo, kimoja, viwili, vitatu, hadi vinne kwa mtu mzima mrefu. Mjamzito huachwa, mgonjwa mahututi huachwa, na mama aliyejifungua wiki hiyo pia. Mimi huiona fimbo hii kuwa miongoni mwa vifaa vya kitabibu vyenye akili zaidi vilivyowahi kufika vijijini kwetu. Haina betri, haisubiri mtandao, na haihitaji fundi.

Lengo la kawaida ni kufikia angalau asilimia 80 ya wanaostahili. Asilimia 80 inasikika vizuri mkutanoni. Tuichunguze.

Chukua kata ya mfano yenye watu 10,000 wanaostahili kumeza. Mwaka wa kwanza wanakosa 2,000. Kama wanaokosa ni watu wowote tu, leo huyu, mwakani yule, basi baada ya miaka miwili waliokosa mara zote ni 400, baada ya mitatu 80, baada ya minne 16, na baada ya mitano ni watu watatu hivi. Mnyoo hana pa kujificha. Sasa fikiri kwamba wanaokosa ni walewale kila mwaka. Baada ya miaka mitano bado ni 2,000, na takwimu ya wilaya itaandikwa ileile: asilimia 80. Karatasi zinafanana, ilhali kata moja inaumaliza ugonjwa na nyingine inautunza.

Walewale ni akina nani? Miaka 20 iliyopita jibu lilikuwa jepesi zaidi. Sensa ya 2002 ilihesabu Watanzania milioni 34.4, ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Katika kipindi hicho maisha ya Rungwe yameota magurudumu. Ndizi na viazi vinapakiwa kwenda Dar es Salaam, parachichi linavuka bahari, bodaboda imefika ambako zamani ilifika miguu tu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne yuko Mbeya mjini, au Tunduma mpakani, au kwenye dhahabu Chunya, na anarudi nyumbani kwa msiba au kwa sikukuu. Baba ana shamba la mpunga Kyela na msimu ukifika hulala hukohuko. Mgawa dawa anapobisha hodi anamkuta bibi na wajukuu. Bibi anameza, wajukuu wanameza, anaandika, anaondoka. Yule mwenye nguvu, aliyetumia utoto wake wote akiogelea mtoni na ambaye huenda ndiye mwenye vimelea kuliko wote, hayupo. Mwakani hatakuwepo tena.

Wapo wanaokosa wakiwa nyumbani. Binti aliyeachwa mwaka huu kwa sababu ni mjamzito, mwakani akaachwa kwa sababu mgawa dawa alimkumbuka kuwa ni mjamzito. Mtumishi aliyehamia kikazi anayeamini dawa za kugawiwa ni za wanakijiji. Na yupo aliyemeza mara moja, akawashwa na kuvimba siku mbili, akaapa kutorudia. Hakuambiwa kwamba muwasho ule ulikuwa wa vimelea vinavyokufa, na kwamba kwa kawaida hupungua kila anaporudia.

Kuna pia ugumu unaoletwa na mafanikio. Aliyezaliwa 2003 huenda hajaona kipofu wa usubi akiongozwa na mtoto kwa fimbo. Anaambiwa ameze vidonge vya ugonjwa asiouona, na anayemwambia ni jirani yake, si daktari. Simu yake wakati huohuo inamletea sauti iliyorekodiwa na mtu asiyemjua, ikisema vidonge vinapunguza nguvu za kiume. Uvumi haukuanzia kwenye simu. Mwaka 2008 mkoani Morogoro wazazi walivamia shule kwa hofu ya dawa za kichocho na minyoo, na mitandao tunayoijua leo ilikuwa bado haijaenea. Simu imeuongezea mwendo tu.

Nikiulizwa kama teknolojia itatusaidia, ninajibu ndiyo, ila mahali ambapo wauzaji wa teknolojia hawapatazami. Daftari la mgawa dawa kwa kawaida linajibu swali moja: wangapi wamemeza? Swali tunalolihitaji ni jingine: nani hajameza mwaka huu, na mwaka jana, na mwaka juzi? Simu ya kawaida inaweza kutunza orodha hiyo. Inaweza kumkumbusha mgawa dawa kwamba kijana wa nyumba ya tatu amekosa mara nne, na mama yake anajua atakuja Pasaka. Inaweza kuwaonyesha wahudumu wa Chunya na wa Rungwe kwamba wanamtafuta mtu mmoja. Hakuna haja ya droni. Lakini orodha ya majina na magonjwa ni siri za watu, na kuiweka kwenye simu ya jirani bila kanuni ni kutafuta ugomvi mpya.

Kisha kuna suala la malipo ya mgawa dawa. Mpango ulijengwa juu ya kujitolea, na wakati ule siku ya mtu kijijini haikuwa na bei ya wazi. Leo inayo. Anayevuna parachichi kwa kibarua anajua siku yake ni shilingi ngapi, na anayegawa dawa wiki nzima anajua amepoteza nini. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikisha zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kama kazi ya usubi itaingizwa kwenye majukumu yao, itakuwa imepata mwenyewe. Hofu yangu ni kwamba mhudumu mmoja atabebeshwa malaria, lishe, uzazi na kifua kikuu, na usubi utakuwa ukurasa wa mwisho wa fomu.

Gharama ya kuuweka mwisho tumeiona Mahenge, eneo jingine la usubi nchini. Mapema miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alikuta huko watoto wengi wenye kifafa, baadhi yao wakitikisa kichwa kama wanaosinzia. Utafiti wa baadaye umekihusisha kifafa hicho na usubi. Ivermectin ilianza kugawiwa Mahenge miaka ya 1990, na zaidi ya miaka 20 baadaye maambukizi yalikuwa bado yanaendelea. Mwaka 2019 ugawaji uliongezwa kuwa mara mbili kwa mwaka, na wagonjwa wapya wa kifafa wakapungua. Uganda ilikuwa imekwisha kuchukua uamuzi kama huo mwaka 2007. Hata kwa hesabu yetu ya hapo juu inaeleweka: anayekosa Mei anaweza kupatikana Novemba.

Dawa mpya zipo pia. Moxidectin, iliyojaribiwa kwa sehemu Ituri, mashariki ya Kongo, na kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, huweka ngozi safi kwa muda mrefu zaidi. Doxycycline humdhoofisha mnyoo mama kwa kuua bakteria anaowategemea, ila inamezwa kila siku kwa wiki nne hadi sita, na hiyo ni ya mgonjwa mmoja mmoja, si ya kata nzima.

Niger ilithibitishwa Januari 2025 kuwa nchi ya kwanza Afrika kuumaliza ugonjwa huu, kwa hiyo inawezekana. Masharti lakini ni makali. Hupimwa damu ya watoto wa chini ya miaka 10, na wanaoonyesha dalili ya kuambukizwa wasifike hata mmoja kati ya 1,000. Hukamatwa usubi kwa maelfu kando ya mito na kuchunguzwa maabara. Ugawaji ukisimamishwa, ufuatiliaji unaendelea miaka mitatu hadi mitano.

Mwezi uleule wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikiwemo iliyokuwa ikiendesha sehemu kubwa ya kazi hii nchini. Vidonge vyenyewe ni bure. Kinachotakiwa kulipiwa ni mafuta ya pikipiki, mafunzo ya siku moja, daftari au simu, posho, na vipimo vya maabara. Halmashauri inayokusanya ushuru kwa kila gari la parachichi na ndizi linalotoka inaweza kuvipa vitu hivyo kifungu chake katika bajeti, na diwani akauliza kila mwaka si asilimia ngapi wamemeza, bali majina mangapi yamekosa mara tatu mfululizo.