Je, Wajua? Mambo ya Ndoo ya Taka

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa taka zinazotoka majumbani katika miji ya Afrika Mashariki ni vitu vilivyoota shambani? Maganda ya ndizi na mihogo, vijiti vya matembele, machicha ya nazi, majani ya chai, ugali uliolala. Kila kimoja kina jina lake la heshima mpaka kinapotumbukizwa ndoo moja na pampasi ya mtoto. Hapo ndipo vyote vinapoitwa taka.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula? Hesabu hiyo ni ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Gigiri, Nairobi. Asilimia 60 ilitupwa na sisi wa majumbani. Migahawa na maduka yakagawana iliyobaki. Kabla hujamlaumu mwenye hoteli, kafungue friji lako.

Je, wajua kwamba ganda la ndizi lina namna mbili za kuoza? Kwenye lundo lenye hewa, vijidudu hulila na kuacha hewa ukaa, maji, joto na mboji. Likifukiwa chini kabisa ya dampo, pasipo na hewa, vijidudu vya aina nyingine hulila na kutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 20, methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Gesi hiyo inashika moto, na ni sababu mojawapo ya madampo kufuka moshi hata siku ambayo hakuna aliyewasha kiberiti.

Je, wajua kwamba tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30? Na dampo la Dandora la Nairobi, lililofunguliwa 1975, lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Malori hayakuacha kumwaga.

Je, wajua kwamba wakazi wa Tabata waliwahi kulishtaki jiji kwa sababu ya taka, wakashinda? Kesi yao ilifunguliwa mwaka 1988 katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Moshi, harufu na nzi wa dampo vilikuwa vimewashinda. Halmashauri ya Jiji ikaamriwa iache kumwaga hapo, ikarudi mahakamani kuomba iongezewe muda. Jaji Lugakingira akakataa. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda, hoja ikiwa haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania. Yaani ganda la embe la mtu wa Kariakoo lilifikishwa mbele ya jaji mara mbili, na kila mara likaambiwa litafute pengine pa kwenda. Mpaka leo kila mtaa hukubali kwamba dampo ni muhimu, bora liwe mtaa mwingine.

Je, wajua kwamba lundo la mboji hupata homa? Likijengwa vizuri, ndani ya siku chache katikati yake hufika nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi. Ukipenyeza mkono hutauacha humo. Joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Lakini homa inahitaji mwili: lundo lenye upana na kimo cha chini ya mita moja hupoteza joto haraka kuliko linavyolizalisha. Ndoo ya barazani haipati homa. Itaozesha polepole, na hilo si kosa.

Je, wajua kwamba kipimajoto cha lundo hakinunuliwi? Mabwana shamba wamekuwa wakifundisha hivi kwa miaka: chukua kijiti kirefu, kichomeke mshazari mpaka katikati ya lundo, kiache humo. Baada ya siku kadhaa kichomoe, ukishike. Kikitoka cha moto na chenye unyevunyevu, kazi inaendelea. Kikitoka kikavu na kimepata ukungu mweupe, lundo lina kiu, limwagie maji. Kikitoka cha baridi na kinanuka, limezama. Lipindue, uchanganye makavu.

Mimi nilijifunza hilo la mwisho kwa aibu. Msimu wa maembe nilijaza pipa maganda na makokwa, nikafunika vizuri, nikajiona mwanamazingira. Siku ya sita jirani akapiga hodi, amejiziba pua kwa kitenge. “Jirani, samahani, hakuna kitu kimekufa humu ndani?” Nilimwonyesha pipa. Akachungulia, akacheka, akaniambia kwao Njombe mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba mabichi hayaozeshwi peke yake.

Alikuwa sahihi, na sayansi iko upande wake. Vijidudu hustawi pale kaboni inapoizidi nitrojeni kwa takriban mara 25 hadi 30. Mabichi ya jikoni yana nitrojeni nyingi. Makavu yana kaboni nyingi: majani makavu, randa za seremala, pumba za mpunga, maboksi yaliyochanwachanwa. Kwa kukadiria, kila ndoo moja ya mabichi ifuatwe na mbili au tatu za makavu. Pua nayo itakusaidia: harufu kali kama ya mkojo inasema nitrojeni imezidi, harufu ya yai viza inasema hewa haiingii.

Na mboji iliyoiva je? Inanukia kama mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Huo si ushairi. Ni kemikali moja, geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chembe chache tu katika trilioni.

Je, wajua kwamba Wamatengo wa Mbinga huzika mboji yao shambani bila kujenga lundo? Hukata nyasi, wakazilaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatizana kama wavu, kisha wakazifukia kwa udongo wanaouchimba katikati. Yanabaki mashimo, ngoro, ambayo hunasa maji ya mvua, huku nyasi zikioza chini ya matuta na kuyarutubisha. Mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Kilimanjaro nako, kwenye vihamba vya Wachaga, mgomba humlisha ng’ombe wa zizini na samadi ya ng’ombe hurudi kwenye mgomba. Wote hawa hawakuhitaji semina.

Je, wajua kwamba kitabu cha mwisho cha Charles Darwin, cha mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu? Mzee yule, baada ya kuutikisa ulimwengu, aliwaweka nyungunyungu chumbani karibu na piano ikipigwa, aone kama wanasikia. Hawasikii, ila walishtuka vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano, maana mtetemo wanauhisi. Wanapumua kwa ngozi, ndiyo sababu wakikauka hufa. Kwa mboji ya ndooni watafute wale wekundu, wembamba, wanaokaa kwenye samadi. Wale wa bustanini wanapenda udongo na watakutoroka.

Je, wajua kwamba kuna nzi ambaye si mgeni mbaya? Nzi askari mweusi akishakomaa hang’ati na wala hahangaiki na chakula chako. Mabuu yake hula mabaki ya jikoni kwa pupa, na yakikaushwa takriban asilimia 40 huwa protini, chakula safi cha kuku na samaki. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimemfanyia kazi kwa miaka.

Haraka haraka: ganda la yai ni takriban lote kalsiamu kabonati, lisage la sivyo utalikuta zima mwakani. Majivu ya jiko la kuni yana potasiamu, ila kiganja kimoja kinatosha. Nyama, samaki na mafuta mengi huita panya. Vifuko vingi vya majani ya chai vina plastiki, basi mimina majani, kifuko kitupe. Kinyesi cha paka na mbwa kisikaribie mboga.

Je, wajua kwamba debe, lile la kupimia mahindi, ni uchafu uliopanda cheo? Lilianza kama bati la mafuta ya taa, la lita 18 hivi. Mafuta yakaisha, bati likabaki, na watu hawakulitupa: likachota maji, likapima nafaka, likakatwa kuwa koroboi, likanyooshwa kuezeka banda. Mwisho jina la chombo likawa jina la kipimo. Taka ngapi zimefika hapo?

Je, wajua kwamba mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi la plastiki iliyookotwa? Linaitwa Flipflopi, limetumia takriban tani 10 za plastiki na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar. Nilipoliona pichani nilihesabu kimoyomoyo za kwangu zilizowahi kuchukuliwa na maji.

Je, wajua kwamba namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chupa haikuahidi chochote? Inataja aina ya plastiki tu. Moja ni ya chupa za maji, ambayo wanunuzi wa mtaani wanaitaka. Nyingine huzunguka mji mzima bila mteja. Alama yenyewe ya mishale mitatu ilichorwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa Kimarekani, Gary Anderson, aliyeshinda shindano. Alikuwa na miaka 23.

Je, wajua kwamba kuyeyusha kopo kuukuu la alumini hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya? Ndiyo maana mwenye mkokoteni wa chuma chakavu hakuachii kopo la soda. Kioo nacho huyeyushwa tena na tena bila kuchoka. Karatasi huchoka, nyuzi zake hufupika kila mzunguko, na ikilowa mafuta kiwandani haitakiwi kabisa. Karatasi ya chipsi basi ichane, uitupie kwenye lundo.

Na hapo ndipo pa kushika. Boksi lililomwagikiwa mchuzi halina mnunuzi. Ganda la ndizi lenye betri ndani yake halifai kwa mboji. Vyote viwili vilikuwa na kazi dakika tano zilizopita. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu chanzo, na chanzo ni jikoni kwako. Kesho, kabla gari la taka halijapita, weka ndoo ya pili.